Tarehe 20 Oktoba: Dedlaini Inayorudi Nyuma

Uliza watu kumi pale stej ya Satellite swali hili: dedlaini ikiangukia sikukuu, inasonga kwenda wapi? Karibu wote watakwambia inasonga mbele, hadi siku ya kwanza ofisi zikifunguliwa. Ni jibu la akili ya kawaida. Kwa kodi, si jibu sahihi.

Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015, kifungu cha 77, inasema hivi: tarehe ya kuwasilisha ritani au kulipa kodi ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya umma, siku ya mwisho inakuwa siku ya kazi iliyotangulia. Iliyotangulia, si inayofuata. Yaani sikukuu haikuongezei siku, inakunyang'anya.

Sasa fungua kalenda ya Oktoba. Tarehe 20 ni Mashujaa Dei. Tarehe 20 pia ndiyo siku ya mwisho ya VAT ya mwezi uliopita, ya kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha, na ya kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3 ambayo watu huiita TOT na inayowahusu wenye biashara zinazouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Zote tatu, siku moja, na siku hiyo ni sikukuu kila mwaka. Mwaka wa 2024 tarehe 20 ilikuwa Jumapili, kwa hivyo mwisho ukawa Ijumaa ya tarehe 18. Mwaka huu wa 2026 ni Jumanne, kwa hivyo mwisho ni Jumatatu ya tarehe 19. Mwaka wa 2025 una hadithi yake, na tutaifikia.

Huku kwetu Riruta, Kawangware na Kibera jambo hili linagusa watu wengi kuliko linavyoonekana. Kuna mwenye hardware Naivasha Road, kuna mzee mwenye ploti ya vyumba kumi na viwili kule Kabiria, kuna mama anayeuza mitumba kwa jumla Toi. Wote wanafikiria Mashujaa Dei kama siku ya kulala kidogo na kutazama gwaride kwa TV. Ukichelewa kuwasilisha TOT, faini ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Ukichelewa kulipa, unaongezewa asilimia 5 ya kodi yenyewe na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Chukua duka lililouza 140,000 Septemba. Kodi yake ni 4,200. Akichelewa siku moja tu, hiyo 4,200 inakuwa 5,452. Hiyo tofauti ya 1,252 ni unga, mafuta na tokeni za stima za wiki nzima.

Lakini kodi ni upande mmoja. Kitu ambacho wateja wengi hutupigia simu kuuliza, hasa wiki za sikukuu, ni kwa nini pesa ya mtu mmoja imefika na ya mwingine bado, na wote walitumiwa Alhamisi. Jibu ni kwamba sikukuu moja huwa na kalenda nne au tano tofauti. Mtaza ushuru anarudi nyuma. Benki inaenda mbele. Mwenye nyumba hasongi popote. Mteja wako anataka kazi mapema, na wafanyakazi wako wanataka pesa mapema zaidi.

Kila mtu na kalenda yake

Kuna fundi wa nguo ninayemfahamu hapa Satellite. Ana cherehani nne na vijana watatu wanaomshonea. Kazi yake kubwa ni sare: za shule, za watchman, za wafanyakazi wa usafi. Nilikaa naye jioni moja akanipigia hesabu za Oktoba 2025, na nadhani hakuna somo la darasani nililosoma kuhusu mzunguko wa pesa lililonifungua macho kama daftari lake.

Kumbuka ule mwezi ulivyokuwa. Ijumaa tarehe 10 ilikuwa Mazingira Dei. Jumatatu tarehe 20 ilikuwa Mashujaa. Hizo mbili zilijulikana tangu Januari. Halafu Jumatano tarehe 15, habari zikaja kutoka India kwamba Raila Odinga amefariki. Sitaki kueleza ile siku ilikuwaje Kibera, aliyekuwa huku anajua, na aliyekuwa mbali aliona kwa simu. Ijumaa ya tarehe 17, siku ya ibada ya kitaifa pale Nyayo, ikatangazwa kuwa sikukuu.

Hesabu siku. Kuanzia Ijumaa ya tarehe 10 hadi Jumatatu ya tarehe 20 ni siku kumi na moja. Ondoa wikendi mbili na sikukuu tatu. Zinabaki siku nne za kazi za kawaida: Jumatatu 13, Jumanne 14, Jumatano 15 na Alhamisi 16.

Na ile dedlaini ya kodi? Tarehe 20 ni sikukuu, rudi nyuma. Tarehe 19 ni Jumapili, rudi. Tarehe 18 ni Jumamosi, rudi. Tarehe 17, ambayo kila mhasibu alikuwa ameipigia mstari mwekundu, sasa nayo ni sikukuu. Ukifuata maandishi ya kifungu cha 77 neno kwa neno, unatua Alhamisi tarehe 16.

Fundi wetu hakuwa na wasiwasi na hiyo. Kodi yake huilipa tarehe 15 ya kila mwezi, ipende isipende, kwa sababu tarehe 15 ndiyo siku anayochukua pesa ya shule moja ya karibu inayomlipa kwa awamu. Si kwamba alikuwa amesoma sheria. Aliniambia tu kwamba pesa ya serikali ikikaa kwa simu yake zaidi ya wiki inabadilika kuwa vitambaa. Kwa hivyo Jumatano ile asubuhi alikuwa ameshaingia iTax, akapata namba ya malipo, akalipa 4,200 kupitia Paybill 222222, akarudi kwa cherehani.

Shida yake ilikuwa kwingine. Kampuni moja ya usafi kule Kilimani ilikuwa imempa oda ya overoli 60, kila moja 1,800. Jumla 108,000. Walimlipa amana ya asilimia 40, yaani 43,200, na yote ikaisha kwa kitambaa, zipu na uzi. Salio la 64,800 lilikuwa lilipwe Ijumaa tarehe 17, baada ya kupokea mzigo Alhamisi. Vijana wake hulipwa kwa kila overoli, 250. Overoli 60 ni 15,000, kila mmoja 5,000, na walikuwa wameahidiwa Ijumaa hiyo hiyo, kwa sababu wikendi ndefu ya Mashujaa mmoja wao alikuwa anaenda nyumbani Busia.

Ona vile ile Ijumaa moja ilikuwa imebeba kila kitu. Mteja analipa Ijumaa, fundi anapokea Ijumaa, vijana wanalipwa Ijumaa, mmoja anapanda basi Ijumaa jioni. Halafu Ijumaa ikaondolewa.

Alhamisi asubuhi mzigo ukapanda bodaboda, ukafika salama. Fundi akampigia mhasibu wa kampuni.

"Madam, hiyo pesa si ingetumwa leo tu? Kesho benki zimefungwa."

"Mama, iko kwa sistimu. Bosi akisaini inatoka. Lakini leo ameenda mapema."

Mhasibu hakudanganya. Pesa kweli ilikuwa kwa sistimu. Ilisainiwa Alhamisi jioni, ikiwa RTGS, na ikafika kwa akaunti ya fundi Jumanne tarehe 21 mchana. Siku tano baadaye, na hakuna mtu aliyekosea hatua hata moja. Ndivyo njia ile inavyofanya kazi.

Vijana walisimama mlangoni Alhamisi saa kumi na mbili. Yule mdogo ndiye aliyeuliza, "Mathe, na sisi?" Hilo swali, fundi aliniambia, ni zito kuliko barua ya KRA. Ukimkosesha kijana nauli wikendi kama ile, Jumanne anaweza asirudi, na cherehani haiwezi kujiendesha. Aliingia kwa simu akamtafuta mweka hazina wa chama chao. Mweka hazina alikuwa Kasarani na umati. Akampata Jumamosi asubuhi. Chama kikamkopesha 15,000, riba ya asilimia 10. Kijana wa Busia alikuwa ameshaondoka kwa nauli ya kukopa kwa shemeji yake. Pesa yake ilimpata kwa simu akiwa huko.

Gharama ya fundi kwa hiyo Ijumaa ilikuwa 1,500, riba ya chama. Si pesa ya kumfilisi. Lakini faida yake kwa overoli moja, ukitoa kila kitu, anasema ni kama 300. Kwa hivyo alishona overoli tano bure.

Pesa inayolala na pesa isiyolala

Hapa ndipo kazi yetu inapoingia, kwa hivyo niruhusu nieleze kidogo.

Pesa za Kenya zinasafiri kwa barabara tofauti. Kuna RTGS, ambayo inaendeshwa na Benki Kuu na ndiyo barabara ya malipo makubwa. Inafanya kazi siku za kazi tu. Wikendi inalala, sikukuu inalala. Kuna cheki, ambayo ukiiweka leo inakamilika siku ya kazi inayofuata. Cheki ya Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025 ilikuwa ya kukamilika Jumanne tarehe 21. Kuna maagizo ya mishahara ambayo kampuni hupeleka benki kwa pamoja, nayo hufuata siku za kazi.

Halafu kuna barabara zisizolala. Pesa kwa simu haijui Krismasi wala Idd. PesaLink, inayohamisha pesa kutoka benki moja hadi nyingine, iko tangu 2017 na inafanya kazi usiku na mchana, siku zote. Kwa M-Pesa, tangu Agosti 2023 unaweza kutuma hadi 250,000 kwa mara moja na kuwa na hadi 500,000 kwa laini. Watu wengi bado wanakumbuka kikomo cha zamani na wanadhani salio la 64,800 ni "pesa ya benki". Si kweli. 64,800 ingeingia kwa Till ya fundi Alhamisi ile ile saa mbili usiku, bosi akiwa nyumbani kwake na simu mkononi.

Kwa nini basi kampuni ilitumia RTGS? Mazoea. Ndivyo fomu yao inavyosema, ndivyo mhasibu alivyofundishwa, na mfanyabiashara mdogo huogopa kuuliza asije akaonekana msumbufu. Mimi nadhani kuuliza ni haki yako, lakini uulize mapema, siku ya kuandika invoisi, si siku ya kungoja pesa. Siku ya invoisi mteja anataka kitu kwako. Siku ya kungoja, wewe ndiye unayetaka.

Njia ya simu ina gharama yake pia, si bure. Ada ya kutuma, ada ya kutoa, na kwa biashara ada ya Till kulingana na aina uliyochukua. Weka hizo ada kwenye bei tangu mwanzo. Ada ndogo unayoijua ni afadhali kuliko riba ya chama usiyoitarajia.

Na kuhusu kukopa kwa laini ili kuziba pengo la sikukuu, kuwa mwangalifu na jambo moja. Mkopo wa aina hiyo mara nyingi huhesabiwa ada kwa siku. Sikukuu ni siku. Jumapili ni siku. Ukikopa Alhamisi ukitegemea pesa ya Ijumaa, na hiyo pesa ikafika Jumanne, umelipia siku ambazo hukuzipanga.

Ejenti naye ni binadamu

Kitu kingine. Kwamba pesa yako haijalala haimaanishi noti zipo.

Ejenti ana vitu viwili: keshi kwa droo na floti kwa simu. Ukitoa pesa, keshi yake inapungua na floti yake inapanda. Ukiweka, kinyume chake. Siku ya kawaida watu wanatoa na wengine wanaweka, droo inajaa na kupungua. Lakini jioni kabla ya sikukuu, karibu kila mtu Kawangware anatoa. Nauli, nyama, zawadi ya watoto. Ikifika saa moja, ejenti ana floti ya kutosha na droo tupu. Ili abadilishe floti iwe noti anahitaji benki au ejenti mkubwa, na kesho benki imefungwa. Ndiyo maana unaambiwa "leo hakuna, jaribu pale Congo," na pale Congo unaambiwa ujaribu 46.

Kijijini ni vilevile, pengine zaidi. Watu wote wa Nairobi wametuma kwa wazazi siku moja, na senta nzima ina maejenti wawili. Ukitaka Mama apate noti siku ya Mashujaa, tuma Jumapili au Jumatatu asubuhi. Au mwambie alipe dukani moja kwa moja kwa simu, bila kutoa. Duka la unga siku hizi lina Till hata mahali ambapo lami haijafika.

Na wiki hizi za pilkapilka ndizo wakora huzipenda. Meseji inaingia, "umepokea 3,500," kisha simu inalia, sauti ya haraka: "Boss, nimetuma kwa makosa, ni nauli ya kwenda matanga, nirudishie tafadhali." Usirudishe chochote kwa mkono wako. Angalia salio kwanza. Kama pesa kweli imeingia, mwambie aombe irejeshwe kupitia mtoa huduma. Kwa M-Pesa, aliyekosea hutuma ile meseji ya muamala kwa 456. Njia hiyo inafanya kazi hata siku ya sikukuu, na mtu mkweli hataona ubaya kuifuata.

Sikukuu zisizo kwenye kalenda

Utasema, sawa, Mashujaa naijua. Je, hizi zingine?

Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, inampa waziri nguvu ya kutangaza siku yoyote kuwa sikukuu kwa gazeti rasmi la serikali. Na miaka ya karibuni nguvu hiyo imetumika sana. Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya kupanda miti, tangazo la wiki moja kabla. Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, siku ya kuwaombolezea waliokufa kwa mafuriko, ilitangazwa siku mbili kabla. Ijumaa ya tarehe 1 Novemba 2024, siku ya kuapishwa kwa Naibu Rais Kithure Kindiki, ilitangazwa siku moja kabla, yaani tarehe 31 Oktoba, mwisho wa mwezi, wakati wahasibu walikuwa wanapanga mishahara.

Idd nayo hufuata mwezi kuandama. Unajua inakuja, hujui ni siku gani hasa mpaka karibu.

Angalia siku hizo zote: Jumatatu au Ijumaa. Sisemi ni njama, lakini kwa mpangaji ni habari ya maana. Ijumaa ndiyo siku ambayo biashara ndogo hupenda kulipwa na kulipa, na ndiyo inayoondoka kirahisi zaidi. Fundi wetu tangu mwaka jana haandiki tena Ijumaa popote. Kazi inafika Jumanne, pesa Jumatano, vijana Alhamisi. Ijumaa imebaki ya kusafisha mashine na kupokea oda.

Sheria hiyo hiyo inasema sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inakuwa ya kupumzika. Ikiangukia Jumamosi, hakuna fidia. Wafanyakazi hulichanganya hili kila mwaka na kusubiri Jumatatu isiyokuwapo, kwa hivyo ni vizuri kuwaambia mapema.

Ukiwaita kazini siku yenyewe ya sikukuu, agizo la jumla la mishahara linataka saa hizo zilipwe mara mbili ya kawaida. Kwa wanaolipwa kwa kipande, mkubaliane kabla, tena kwa meseji ili kila mtu awe nayo. Nimesikia ugomvi mwingi hapa mtaani ulioanza na "si nilikwambia nitakuongezea kitu?"

Mwenye nyumba hana sikukuu

Kodi ya nyumba haisongi. Mkataba ukisema tarehe 5, ni tarehe 5. Mwaka huu tarehe 5 Aprili ilikuwa Jumapili ya Pasaka, katikati ya wikendi ya siku nne, na wapangaji wengi waliosafiri kwa Good Friday walirudi Jumanne kukuta karatasi mlangoni. Kama nyumba yako ina Paybill, lipa kabla ya kupanda gari. Kama unalipa kwa benki, kumbuka yale ya pesa inayolala. Na kama uhusiano wenu ni mzuri, meseji moja ya tarehe 2 inafanya kazi kuliko maelezo kumi ya tarehe 8.

Kuhusu meseji, fundi aliniruhusu ninakili ile anayotuma kwa wateja wake wa kampuni siku hizi. Haina maneno mengi, na ndiyo uzuri wake:

"Habari yako. Kazi yenu ya sare 60 itafika kwenu Jumanne saa nne. Wiki hii kuna sikukuu na benki zitafungwa. Naomba salio la 64,800 litumwe Jumatano kabla ya saa sita kwa Till au PesaLink. Kama lazima iwe RTGS, naomba isainiwe Jumanne. Nikiipata tu nawatumia risiti. Asante sana."

Ona vile ametaja siku, saa, kiasi na njia, na amempa mhasibu nafasi ya kuchagua. Mhasibu anaichukua hiyo meseji na kumwonyesha bosi. Mara nyingi anayechelewesha pesa si adui yako, ni mtu ambaye hajapewa sababu ya kumsumbua mkubwa wake.

Sasa tazama miezi iliyobaki. Kodi za tarehe 20 Oktoba, kama tulivyosema, mwisho ni Jumatatu tarehe 19. Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba, ni Jumamosi, kwa hivyo hakuna Jumatatu ya bure. Tarehe 20 Desemba ni Jumapili, na VAT, TOT na kodi ya nyumba za kupangisha zinarudi hadi Ijumaa ya tarehe 18. Krismasi ni Ijumaa, Boxing Dei Jumamosi. RTGS utakayoikosa Alhamisi tarehe 24 utaiona Jumatatu tarehe 28. Mwaka Mpya ni Ijumaa tena. Na kwa walio na wafanyakazi wa mshahara, PAYE ya Desemba ni tarehe 9 Januari, ambayo ni Jumamosi, kwa hivyo mwisho ni Ijumaa tarehe 8, wiki ile ile ya karo za shule.

Fundi tayari ana oda ya Desemba, majoho ya kwaya ya kanisa moja la Waithaka. Walitaka wayachukue tarehe 23 na kulipa siku hiyo. Amewaambia tarehe 16, amana ya asilimia 60, na salio kwa Till siku ya kujaribu saizi. Mwenyekiti wa kwaya alilalamika kidogo, kisha akauliza namba ya Till.